Mashine Iliyofungiwa kwa Mwenyeji Wake

Siku niliporipoti kazini katika hospitali moja upande wa Themi, Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA, mzee wa Kimeru asiye na maneno mengi, aliitikia shikamoo yangu na kunipeleka chumba cha seva.

"Huyu ndiye mwenyeji," alisema, akigusa kompyuta kubwa. "Ndani yake kuna mashine pepe, kompyuta isiyo na mwili. Majibu ya maabara yote yamo humo."

Mashine pepe haina waya wake, alinieleza. Hupitia kwenye daraja, yaani programu inayoiunganisha na kadi ya mtandao ya mwenyeji, ndipo kompyuta za wodini ziione.

Kabla hajamaliza, simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji.

"Mkuu, mfumo haufunguki! Neema Mollel anajifungua huku anavuja damu, hatujui kundi lake la damu!"

Nikaitumia mashine pepe ujumbe wa majaribio kutoka kwa mwenyeji, ikajibu. Kutoka kompyuta ya mezani, kimya.

"Haijafa, imefungiwa ndani," alisema mkuu, akinipa simu. "Fungua skrini yake hapa hapa kwa mwenyeji, umsomee muuguzi."

Nikafungua. Akina Neema Mollel walikuwa wawili, makundi tofauti.

"Dada, naomba namba ya mgonjwa."

Akaitaja. Nikasoma jina lote, namba, kundi. Akarudia. Nikasoma tena, nikiuogopa ulimi wangu mwenyewe.

Ndipo tukatafuta chanzo. Asubuhi ile fundi alikuwa amehamishia waya kwenye kadi nyingine ya mwenyeji, na daraja likabaki limeshikilia kadi isiyo na waya. Nikalielekeza kwenye kadi yenye waya. Kompyuta ya mezani ikafungua mfumo, nami nikashusha pumzi.

"Bado," alisema mkuu. "Nenda upasuaji ukahakikishe."

Nilikwenda nusura nikimbie. Kompyuta yao ilikuwa imefunguka, lakini mlango wa ndani, alikokuwa mgonjwa, ulikuwa bado umefungwa. Nikaketi kwenye benchi kando ya mume wa yule mama, mfugaji kutoka magharibi mwa Mlima Meru.

"Na wewe una mgonjwa humo?" aliniuliza.

"Ndiyo," nikasema.

Muuguzi alipotoka na kusema mama na mtoto ni wazima, tulilia wote wawili.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Kwa Mrombo. Vijana wa kazini hunipigia simu: "Shikamoo mama, huku kwa mwenyeji kila kitu kiko sawa." Nawauliza wodini wanasemaje. Miaka yote ile hofu sikuizoea, na nashukuru sikuizoea.