Jina la Babu Katika Jalada la Kodi

Ni saa mbili asubuhi mjini Same. Mwalimu Asnath Mrutu anafunga dirisha ili honi za mabasi ya barabara kuu zisiingie kwenye somo, anawasha kompyuta na kuanza kuita majina.

Walioandikishwa ni 61. Wanaoitika ni 23.

"Wengine bando limeisha. Wengine hawarudi tena," anasema.

Asnath, 43, anafundisha historia kwa mtandao katika chuo kimoja cha ualimu. Kwenye skrini kuna ukurasa uliochakaa, uliopigwa picha na kuhifadhiwa mtandaoni: jalada la kesi ya watu sita wa Suji, kijiji kilicho milimani juu ya Same, walioshtakiwa mwaka 1946 kwa kukataa kulipa kodi.

Machi mwaka huu, mwanafunzi wake Tumainieli alisoma kwa sauti jina la shahidi aliyewataja wote sita: Yona Mrutu.

"Mwalimu, huyu ni wa kwenu?" aliuliza.

Asnath alikuwa amepitia kurasa za mwanzo tu. Yona ni babu yake mzaa baba, na tangu utotoni alisimuliwa kwamba alikuwa miongoni mwa waliogoma.

"Nikajibu, ndiyo, ni babu yangu. Nikaendelea kufundisha, ila sikumbuki nilisema nini."

Habari zikapanda Suji upesi. Baba yake, Mzee Bartholomeo, 79, akapiga simu.

"Akasema, 'Mwanangu, ifute hiyo karatasi.' Nikamwambia, baba, hata nikiitoa darasani, huko mtandaoni ipo. Akakata."

Tangu siku hiyo mzee hapokei simu za Asnath. Sikukuu ya Pasaka Asnath alikwenda nyumbani, akakuta mlango umefungwa na jikoni moshi unafuka. Alibisha hodi mpaka akachoka.

"Wajukuu wa wale sita tunasali nao kanisa moja," anasema mdogo wake, Eva. "Baba sasa anasali nyumbani. Dada angechagua kesi nyingine."

Asnath hakuiondoa. Aliisoma upya hadi mwisho, akakuta mstari mmoja wa karani: shahidi aliletwa mahakamani akitokea mahabusu, siku yake ya tisa. Alichofanyiwa humo hakikuandikwa.

"Simtetei babu. Watu sita walifungwa kwa maneno yake," anasema.

Chuo kikifunga mwezi Juni, atapanda tena Suji na nakala ya ukurasa huo.

"Baba haoni vizuri siku hizi, lazima asomewe. Naomba msomaji niwe mimi."