Dodoso la Loyce

Loyce Mdoe alikulia Dindira, binti wa karani wa mizani ya chai. "Mizani haina shemeji," baba yake alipenda kusema, na binti akalibeba neno hilo mpaka kwenye uuguzi. Kwake, kisichopimika kilikuwa porojo. Basi alipokuwa akisomea shahada ya pili, na kutaka kujua kwa nini akina mama wa maboma ya wafugaji wa Handeni wanajifungulia nyumbani, nilijua atachagua nini. Dodoso: maswali arobaini, weka alama ya vema, mwingine aje.

"Kaa nao, wakusimulie," nilimwambia. Tulikuwa tukifanya kazi wodi moja, Korogwe.

"Mwaija, masimulizi hayana wastani," alinijibu. Alikuwa mkaidi, nami nilimpenda hivyohivyo.

Siku moja nilimsindikiza. Nasinkoi, mjamzito wa miezi saba, alijibu vizuri mpaka swali la saba: umezaa mara ngapi? Wafugaji wale hawapendi kuhesabu watoto, na aliyekufa hatajwi. Akawatazama watoto wake, akasema, "Ni hawa unaowaona." Walikuwa watatu. Loyce akaandika tatu.

"Dada nesi, kuna jambo nataka kukuambia," Nasinkoi akasema.

"Tukimaliza, mama."

Tulipomaliza, akina mama wengine kumi walikuwa wanasubiri. Hata mimi, bingwa wa kuhubiri masimulizi, sikurudi kumsikiliza. Linaniuma mpaka leo.

Miezi miwili baadaye Nasinkoi alijifungua nyumbani, akavuja damu mpaka akafa. Tulikwenda kuhani msiba. Mama mkwe wake aliitikia shikamoo zetu, akatukaribisha tukae.

"Hata uzazi uliopita damu ilimtoka hivi hivi, na mtoto akafa," alisema. "Safari hii aliogopa. Alisema atamuuliza yule dada wa makaratasi kama hospitali watampokea mapema."

Hakutulaumu. Afadhali angetutukana. Loyce alilia njia nzima.

Utafiti wake ulipita, tena kwa alama za juu. Siku alipopata majibu nilimkuta stoo ya wodi, amekaa juu ya boksi la glavu, macho mekundu.

"Kabla ya kuwasilisha nilimrekebisha Nasinkoi," aliniambia. "Nikafuta tatu, nikaandika nne, nikapiga hesabu zote upya. Mwaija, hitimisho halikubadilika hata neno moja."