Stelingi Hafi

Juma lililopita nilikwenda Msambweni kununua misumari, na katikati ya duka, mwenzangu, nikapigwa na butwaa. Niliangalia juu. Boriti ni zile zile. Duka hili la vifaa vya ujenzi ndilo lililokuwa banda letu la video.

Wewe sijui ulikulia wapi, lakini sisi tulikuwa na Jumatano yetu, siku ya kina mama. Tulitoka baada ya alasiri, nyanya mbele na buibui lake, mimi nyuma nimebeba mihogo ya kukaanga iliyokolea pilipili na ndimu. Tulibanana kwenye mabenchi, mabati yakichoma juu, udi na jasho vikinukia pamoja, na picha ya Kihindi ikaanza. Maneno hatukuelewa hata moja. Kulia, tulilia vizuri sana. Kina mama walimwonya stelingi kwa sauti kwamba adui yuko nyuma ya mlango, na asiposikia walimtukana kwa mapenzi.

Tatizo lilikuwa moja. Picha zile zilikuwa ndefu, na banda lilipakana na msikiti. Ikiadhiniwa magharibi tu, mwenye banda, mtu mcha Mungu, alizima video papo hapo, hata kama mtu ananing'inia darini. Haya kina mama, alisema, mkasali, mkapike. Baada ya isha ilikuwa zamu ya wanaume, na mkanda mwingine. Basi miaka yote ile hatukuuona mwisho wa picha hata siku moja.

Mwisho ulipikwa kwetu jikoni. Nyanya alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akatusimulia yaliyobaki kana kwamba aliyaona. Kwake yeye kila picha ilimalizika kwa harusi, na kila harusi kwa pilau iliyoliwa mpaka ukoko.

Kuna Jumatano moja siisahau. Baba yangu alikuwa amelazwa hospitalini, na watu wazima walinyamaza kila nilipoingia. Ile picha nayo ikazimwa stelingi akiwa kitandani, macho ameyafumba, mama yake amemshika mkono. Nililia njia nzima. Nyumbani nikakataa chakula, nikamuuliza nyanya kama atakufa. Hakuniuliza ni nani.

"Stelingi hafi, mjukuu wangu," akasema. "Aliamka, akaomba uji."

Nikala. Baba aliporudi, amekonda kama ufito, wote walilia isipokuwa mimi. Nilimpelekea uji kabla hajavua viatu.

Basi siku hiyo ya duka, nilipofika nyumbani na misumari yangu, nikamhadithia binti yangu picha ile. Vijana wa leo hawana subira. Akabofya simu, mara akaipata nzima, akaniachia mkononi akaenda kuanua nguo. Nikaisogeza mbele mpaka kwenye kile kitanda.

Hakuamka. Walimfunika shuka, mama yake akaanguka chini. Moyo uliniuma, kisha nikajikuta nacheka peke yangu. Nyanya ametangulia, baba naye, na banda linauza saruji. Yule mwenye banda, Mungu amrehemu, alituzimia kwa wakati.

Binti yangu akarudi na nguo begani. "Mama, ikaishaje?"

Nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Aliamka," nikamwambia. "Akaomba uji."