Ruzuku Iliyoingia Chumbani Kwetu

Asubuhi moja nilimsikia mume wangu akimbembeleza mtu bafuni.

Mlango umefungwa, maji yanamwagika, sauti ya chini.

"Nichague mimi," alikuwa akisema. "Yule mwanamke hana jipya. Kila mwaka ni yaleyale."

Nikagonga.

Akafungua, kompyuta mkononi, uso umemshuka.

"Unaongea na nani?"

"Na majaji. Nafanya mazoezi."

"Na huyo mwanamke asiye na jipya ni nani?"

Akatazama ndala zake.

Ni mimi.

Iko hivi. Mimi na mume wangu tunafanya kazi makumbusho moja ya umma. Yeye ni mtafiti wa mifupa ya wanyama, mimi wa wadudu. Korido moja, milango inatazamana.

Tangu tuajiriwe, kila kitengo kilikuwa na fungu lake la utafiti. Dogo, lakini la uhakika.

Kisha mkurugenzi akatuita ukumbini. Fungu limefutwa katika makumbusho zote za umma. Sasa ni ruzuku ya kushindania, kwetu mifupa dhidi ya wadudu: andika andiko la utafiti, jitetee mbele ya majaji, mmoja abebe zote. Atakayeshindwa, chumba chake kinageuzwa duka la zawadi.

"Ushindani utawaamsha," akasema.

Na tuseme ukweli, kuna waliohitaji kuamshwa. Mume wangu alikuwa na mpango mmoja wa utafiti ambao kila mwaka alikuwa akiubadilisha tarehe tu.

Nyumbani ikawa kasheshe. Yeye akateka meza ya chakula, mimi nikahamia jikoni. Nikipita anafunika kompyuta. Akipita nafunika yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinalala upande wa ukutani na kukoroma.

Mama mkwe, tunayeishi naye, akachoka.

"Mwanangu, unaandika nini?"

"Siri, mama."

"Na wewe mkwe wangu?"

"Siri, mama."

Akatikisa kichwa. "Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nionyesheni basi huyo kunguru nimjue."

Siku ya kujitetea, mume wangu alitangulia. Alikuja na mifupa ya kakakuona, imeunganishwa yote, nyeupe pee, haina hata mkwaruzo. Majaji wakainuka vitini kuitazama.

"Kazi safi," akasema mwenyekiti wao, mama mmoja wa miwani mizito. "Mnaisafishaje bila kuiharibu?"

Akakohoa. "Kuna mbinu."

"Mbinu gani?"

Akanitazama mimi, niliyekaa benchi la nyuma. Nikaanza kukagua kucha zangu.

Mbinu ilikuwa mbawakawa wangu. Yeye hupokea wanyama waliogongwa barabarani, anawachuna, ananiletea. Wadudu wangu wanakula nyama mpaka ubaki mfupa mtupu. Yeye anapata mifupa, mimi napata wadudu walioshiba wa kuwachunguza. Tulianza kupendana hivyohivyo, juu ya mzoga wa nguchiro.

"Ni wadudu wa mke wangu," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Nikashinda.

Pale koridoni alinipa mkono kama mgeni. Nyumbani, mama mkwe hakujua ampe nani hongera na ampe nani pole, akatumiminia wote chai.

Furaha yangu haikudumu. Kitengo cha mifupa kilipofungwa, mizoga ikakoma kuja. Kibali cha kuipokea kilikuwa kwa jina la mume wangu, na mume wangu alikuwa amepangiwa dukani kuuza vifaru vya plastiki, akiwaeleza wateja kwamba pembe zimebandikwa mahali pasipostahili.

Mbawakawa wakaanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Nikiwatazama, nilikuwa naiona nyumba yangu.

Nikamwendea mkurugenzi. "Nirudishie mwenzangu. Nitamlipa kwa ruzuku."

"Masharti hayaruhusu. Fedha ya mshindi haiendi kwa aliyeshindwa."

Nikarudi kupitia bajeti yangu. Kulikuwa na kifungu kimoja tu ambacho hakijaguswa: malisho ya wadudu.

Basi mume wangu akaajiriwa, kwa mkataba wenye muhuri, kama malisho ya wadudu.

"Huwezi kuandika hata msimamizi wa malisho?"

"Kifungu hakina mtu, mpenzi. Kina malisho tu."

"Basi mama asijue."

Mama alijua kabla jua halijazama. Alicheka mpaka akaomba kiti.

Kazi ikanoga. Mizoga ikarudi, wadudu wakanenepa, matokeo yakaanza kuonekana. Kisha akaja mkaguzi.

"Haya malisho yana gharama kubwa kuliko wadudu wenyewe," akasema. "Naomba niyaone."

Mume wangu akainuka, akafuta mikono. "Karibu."

Mkaguzi akampandisha na kumshusha. "Yanaongea?"

"Sana," nikamjibu.

Akafunga faili, akaomba maji ya kunywa.

Nikajua tumekwisha. Kumbe wakubwa waliyaona matokeo tu, wakaandika kwamba ushindani umezaa matunda. Nikaitwa kuhutubia washindi wote wa makumbusho za umma kuhusu faida zake.

Nilikuwa na hotuba tamu. Nilipofika jukwaani nikaikunja, nikawasimulia haya ninayokusimulia wewe.

Kisha akasimama mwanamke wa kitengo cha vyungu. "Mpinzani wangu mimi nimemwandika sumu ya panya."

"Wangu ni pazia," akasema mwingine.

"Wangu ni mafuta ya jenereta," akasema jamaa wa pembeni, "na mwezi ujao anakwenda likizo ya uzazi."

Mwenyekiti wa majaji alikuwepo. Akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Kwa hiyo tuliwaondoa watu ambao nyinyi hamwezi kufanya kazi bila wao."

Akachukua kalamu, akaanza kuandika.

Leo lile fungu dogo la uhakika limerudi kwa kila kitengo. Ruzuku ya kushindania nayo ipo, juu yake, kwa mwenye wazo jipya, na wawili wanaruhusiwa kuomba pamoja. Mume wangu amerudishiwa chumba chake. Safari hii tumeandika andiko moja, na tumegombana zaidi ya mwanzo.

Funzo langu ni hili. Shindanisheni watu, inachangamsha damu. Lakini kabla hamjamfungia mlango aliyeshindwa, ulizeni kwanza mshindi analishwa na nani.