Mikorosho ya Kichuguuni

Nakumbuka siku moja nimetoka kuteka maji, nikakuta mama zangu wawili wanamvuta baba mkono pale kitandani. Mwanangu, wallahi ndoo ilinidondoka.

Baba alikuwa hoi kwa kiharusi. Upande mmoja umekufa, ulimi umekwisha, lakini akili timamu na masikio yanasikia kila kitu. Na mkono waliokuwa wakiuvuta ndio huo mmoja uliobaki mzima!

“Nionyeshe, ni ya nani?” alifoka Mama Mkubwa, mke wa kwanza.

“Mwonyeshe, aache uongo!” alisema mama yangu mzazi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Hapa kwetu Mahurunga mtu aliweza kukupa mikorosho kwa mdomo tu, mkiwa shambani, ikawa yako. Baba, Mungu amrehemu, alipenda kila mtu acheke. Mikorosho ya pale kichuguuni, inayozaa kuliko yote, alimpa Mama Mkubwa wakati mama yangu amekwenda msibani Nanyamba. Mwaka uliofuata, wakipalilia wawili tu, akampa mama yangu. Ileile! Na kila mmoja alimwambia, “Usimwambie mwenzako, atanuna.” Shahidi hakuna. Labda alidhani atakuja kuyaweka sawa, lakini kiharusi hakikupiga hodi.

Korosho zilipoanza kuanguka, asubuhi hiyo wote wawili wakakutana pale na matenga yao. Hawa ni wanawake waliozalishana, mwanangu. Mimi mwenyewe nilinyonya kwa Mama Mkubwa mama yangu alipougua. Sasa wanagombania mkono wa mgonjwa!

Baba alifungua mdomo, ikatoka sauti tu, haina neno. Akauchomoa ule mkono, akajifunika uso. Machozi yakapita katikati ya vidole.

“Mwacheni!” nikapiga kelele. “Jamani, huyu si maiti!”

Wakaachia. Mama Mkubwa akakaa palepale sakafuni, akasema polepole, “Kumbe alitupa sote wawili.”

Msimu ule korosho za kichuguuni hazikuokotwa. Ziliota palepale chini. Baba tulimzika kabla ya masika, na wale wawili hawakula tena sahani moja mpaka walipokufa.

Halafu wewe juzi nimeanza tu kutaja shamba, ukanikatiza, “Mama, acha uchuro.” Uchuro gani! Sijataka kufa, nimetaka kusema. Ijumaa baada ya swala njoo na ndugu zako wote. Shehe atakuwepo, majirani na mwenyekiti wa kijiji pia. Tutatembea shamba zima, na nitakachotoa nitakitoa mbele ya watu, kiandikwe, nitie dole gumba langu. Nitamtaja pia wa kunisimamia mimi na vitu vyangu siku nikilala sijitambui. Wewe na hiyo simu yako usiyoiachia, rekodi.

Na wewe ukipata chako, mwanangu, usimpe mtu kwa kunong'ona. Mwite na yule atakayenuna. Asikie, anune, ukiwa bado na ulimi wa kumbembeleza.

Mungu akujaalie cha kugawa na watu wa kuwagawia, na akuachie ulimi wako mpaka umalize kusema. Amin.