Probe niliishika kinyume, mama wa watu akaacha kula

Wakuu, poleni na majukumu. Hii haina chumvi hata kidogo, natamani ingekuwa nayo.

Mimi ni clinical officer, mtu wa Rhotia, kazi iko kituo cha afya Enguserosambu. Tulipoletewa ultrasound nikatumwa training Karatu mjini.

Tulijifunzia kwenye computer. Unaweza kubofya mouse picha igeuke yenyewe, au ushike probe ya mazoezi, kile kidude cha kupitisha tumboni, juu ya tumbo la plastiki, picha ifuate mkono wako.

Mambo ya pande yananishinda tangu shule. Nikishika probe, juu kunakuwa chini. Mwalimu akaniambia, "Ndugu, wewe ndiyo ushike zaidi, mpaka mkono uzoee."

Nikaona aibu, wenzangu wananiangalia. Nikarudi kwenye mouse, nikakariri pa kubofya, nikafaulu. Cheti nikaweka status. Mjinga mimi.

Juzi juzi akaja mjamzito, nimwite Mama Nasieku, na mama mkwe wake. Nikapima, nikaona kichwa kiko juu. Nikamwambia mtoto ametanguliza makalio, ajiandae kwenda hospitali, huenda akapasuliwa.

Hata kumpapasa tumbo sikumpapasa. Si nina mashine bwana!

Sasa mnaowajua wenyeji wa huku, mimba ikikua akina mama wengi wa Kimaasai hupunguza kula ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Huyu aliposikia kupasuliwa, akapunguza mpaka ikabaki uji mwepesi.

Aliporudi wiki mbili baadaye macho yameingia ndani, mkwe kamshika mkono. Nikapima, kichwa juu tena. Ndipo jicho likaenda kwenye alama ya probe, inayotakiwa ielekee kichwani kwa mama. Ilikuwa inaangalia miguuni.

Nikaigeuza. Kichwa cha mtoto kiko chini, pazuri kabisa.

Nikawaeleza ukweli jasho likinitoka, nikisubiri matusi. Mama Nasieku akauliza taratibu:

"Daktari, kwa hiyo naweza kula?"

Wakuu, sikuwa na pa kuweka uso.

Nilichojifunza: bora uchekwe darasani. Nimeomba kurudia mazoezi, na safari hii mouse siigusi.

Wataalamu humu, mkono wenu ulikubali vipi? Semeni, hata kunisema nisemeni.

Mama anakula sasa. Mkwe wake akipita kituoni hanisalimii, na simlaumu.