Kushtukia Mrenda

Shosho alifunga mdomo siku ya Jumatano, na kufikia Ijumaa alikuwa amekubali vijiko vinne tu vya uji, nusu yake ikaishia kifuani. Nilijaribu kila nilichojua. Viazi vya kuponda akavigeuzia uso. Ndizi akaibana kwa meno mpaka nikaogopa kuvunja kijiko. Hakuwa na hasira, hakulia. Alifunga tu mdomo kama mtu anayefunga duka lake mwenyewe.

Nilimwita Shosho, yaani nyanya, kwa sababu watoto wangu walimwita hivyo, lakini hakuwa Mkikuyu. Alikuwa Mmisri, Mkristo wa kanisa lao la zamani, mjane wa mwalimu aliyefundisha kile chuo kikuu kilicho karibu na Kahawa Sukari. Mimi ni mpishi wake. Asubuhi natoka kwangu Kiuu, napika, napanga nyumba, jioni narudi. Miaka kumi na mmoja. Mwezi wa kwanza mwaka ule kiharusi kilimpata, kikamchukua mkono wa kulia na maneno yote. Alilala hospitali karibu wiki tatu, halafu wakaturudishia nyumbani siku ya Jumanne.

Nesi aliyekuja kumpima alisema koo liko sawa. "Anaweza kumeza. Mpeni chakula laini, kizito kidogo, kisiwe cha maji maji. Na chumvi hapana, presha yake iko juu. Akifika Jumapili saa kumi kama hajala, nitakuja kumtia mpira wa puani wa kumlishia." Binti wa Shosho, aliyekuwa amerudi kumwuguza, akaitikia. Mimi nikatazama sakafu.

Nilitazama sakafu kwa sababu nilikuwa na ahadi. Mumewe, kabla sijaajiriwa, alimaliza siku zake za mwisho na mpira ule puani, mikono imefungwa asiung'oe. Shosho alinisimulia mara moja tu, jikoni, akasema, "Mimi wasinitie. Wewe hutakubali." Nilikuwa naosha vyombo. Nikasema sawa, vile mtu husema sawa akiwa anaosha vyombo. Sasa Ijumaa ile nilikuwa nikilikumbuka neno lile.

Ndipo nikafikiria mrenda.

Niseme ukweli: sisi Wakikuyu hatukulelewa kwa mrenda. Kwetu mtu akiona mboga inateleza vile anauliza nani ana mafua. Tuliwaachia Waluhya na watu wengine wa Magharibi ya Kenya. Siku ya kwanza Shosho aliponituma soko la Githurai 45 nimletee mrenda, nilidhani amekosea jina, nikamletea terere, mchicha wetu. Akanirudisha. Akaniambia kwao mrenda ni chakula cha tangu enzi za wafalme, unaitwa mulukhiya, na kwamba mimi sina haki ya kucheka chakula cha mtu kwa sababu sisi tunachemsha mahindi na maharagwe mpaka yanaomba msamaha. Tukachekana pale mpaka sufuria ikakaukiwa.

Alinifundisha kwa kunikalia kichwani. Hakuna magadi, magadi ni ya kudanganya. Majani yanakatwakatwa na kisu chake cha mviringo kama nusu mwezi, chenye mipini miwili, alichopewa na mama yake, unakibembeza kushoto kulia mpaka majani yanakuwa kama matope ya kijani. Yanaingia kwenye supu ya kuku mwishoni kabisa, na supu isichemke tena, ikichemka majani yanazama chini na mrenda umekufa. Halafu unakaanga kitunguu saumu na mbegu za dania kwa samli, unamimina juu, chwaaa, na hapo hapo mpishi lazima ashtuke. Ndiyo. Avute pumzi kwa nguvu, asikike, kama aliyeona nyoka. Mama yake alishtuka, bibi yake alishtuka. Usiposhtuka, alisema, mrenda unakosa roho.

Nilikataa. Mimi ni mama wa kanisa, nikamwambia, siwezi kusimama jikoni nikishtukia mboga. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akasema, "Haya. Wewe mimina, mimi nitashtuka." Na ikawa hivyo miaka yote. Hata akiwa nje kwenye maua yake, akisikia saumu imelia, anavuta pumzi huko huko mpaka mlinzi wa jirani anachungulia. Tukikaa mezani anaonja kijiko kimoja na kusema neno lile lile, "Chumvi." Kila siku. Iwe imezidi, iwe imepungua. Mimi namjibu, "Imetosha." Anaongeza.

Katika nyumba ile hakuna kilichotupwa. Maharagwe yalichemshwa kidogo tu, yakafunikwa pamoja na sufuria yake ndani ya kikapu kilichojazwa mablanketi ya zamani, yakajiivia yenyewe mpaka kesho bila moto. Mashina ya mrenda yalikwenda kwa sungura wa jirani. Maji ya kuoshea majani yalikwenda kwenye maua. Na mvua ikiisha, mrenda ukiwa mwingi mpaka unaozea sokoni, tulinunua mafurushi, tukaanika majani kivulini juu ya shuka, tukayapekecha kwa viganja, tukayatia kwenye chupa kubwa ya kioo. Hiyo ndiyo akiba ya kiangazi. Yeye ndiye aliyeijaza chupa ile ya mwisho, kwa mikono yote miwili, kabla ya kiharusi.

Kwa hiyo Ijumaa nikafungua kabati. Chupa haikuwepo.

Binti yake alikuwa amepanga jikoni. Alikuwa na miaka arobaini hivi, amekulia nyumba hiyo hiyo, akaenda Kanada kusoma na kubaki huko. Ananiita Auntie. Nikamuuliza chupa iko wapi.

"Ile ya majani makavu? Yalikuwa vumbi, Auntie. Nilitupa. Watu wa taka wamepita asubuhi."

Mimi nina mdomo. Mama yangu alinionya nao tangu nikiwa mdogo na sikusikia. Nilimwambia kwamba ametupa chakula cha mama yake na hata hakukitambua. Kwamba mtoto anayemwaga akiba ya mama yake akidhani ni uchafu hana haki ya kuita nesi. Nilisema mengine. Alisimama na kitambaa mkononi, macho yamejaa. Nilipofika Kiuu jioni ile nilikuwa nimeshaanza kuona aibu.

Jumamosi nikaingia Githurai 45 mapema. Jua la mwezi wa pili, mboga zote zimenyong'onyea. Sukuma ipo, spinachi ipo, mrenda hakuna. Mama mmoja ambaye huniuzia alinicheka. "Mrenda saa hii? Na hii jua yote? Aki wewe." Nikamweleza kuna mgonjwa. Akaacha kucheka. Akaniambia kuna mama wa kwao anayeishi Thika, Makongeni, ana tangi la maji na kibustani nyuma ya nyumba. Nikaenda.

Nilimpata, na mrenda wake nikauona kabla sijamsalimia. Mistari miwili mifupi, mimea yenyewe mirefu, imeshaanza kutoa maganda ya mbegu.

"Hiyo siuzi," akasema. "Nimeiacha itoe mbegu. Nikiikata, mvua ikija nitapanda nini?"

Alikuwa na haki. Shosho mwenyewe angesema hivyo. Nikakaa kwenye ndoo aliyonigeuzia, nikamwambia yote, mpaka mpira wa puani, mpaka ile sawa niliyoisema nikiosha vyombo. Akanisikiliza akichambua kunde.

"Huyo shosho wako ni Mluhya?"

"Mmisri."

"Wamisri wanakula mrenda?"

"Tangu zamani za wafalme."

Alinitazama kana kwamba nimemletea salamu za ndugu aliyepotea. Akainuka, akakata mimea yote isipokuwa mitatu. Mitatu akaifunga kitambaa chekundu ili watoto wasiiguse. "Majani yamekomaa," akasema. "Bila magadi hayatalainika. Utanikumbuka." Nilimwambia asante, nikanyamaza kuhusu magadi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimeshainama.

Jumapili sikwenda kanisani. Kufikia saa saba nilikuwa nimechambua majani yote na kuku yuko motoni. Nikatoa kile kisu cha mviringo, nikaanza kubembeza. Yule mama hakudanganya, majani yalikuwa magumu kweli. Nusu saa, na bado yalikuwa vipande vipande. Mgongo ukaanza kuuma. Nikatazama saa, nikatazama ile pakiti ya magadi niliyokuwa nimenunua kwa siri, nikairudisha kabatini.

Binti alikuwa mlangoni. Hatukuwa tumesemezana tangu Ijumaa.

"Tutumie blenda, Auntie. Muda unaisha."

"Blenda inafanya povu. Mama yako hali povu."

Nilisema vibaya, najua. Nilingoja aondoke. Badala yake akaja, akaosha mikono, akasema, "Nipe." Alishika ile mipini miwili, akasimama kidogo kama anayesikiliza kitu, kisha akaanza. Kushoto, kulia. Hakuna aliyemfundisha siku hiyo. Bega lilikuwa linajua.

"Nilikuwa nakaa chini ya meza hii," akasema bila kuniangalia. "Nilikuwa nasikia tu hii sauti."

Nikamwomba msamaha wa maneno ya Ijumaa. Akasema hata yeye hakulala kwa sababu ya ile chupa. Tukapokezana kisu, mmoja akichoka mwingine anashika, mpaka majani yakawa matope ya kijani kabisa.

Saa kumi kasorobo kengele ya geti ikalia. Nesi alikuja mapema. Akaingia na begi lake, akaliweka juu ya meza ya sebuleni, akafungua zipu. Niliisikia zipu ile kutoka jikoni.

"Mleteni hapa," nikasema. Binti akamsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni pa jikoni. Macho yalikuwa yamefumbwa. Mdomo umebanwa vile vile. Alikuwa amekonda katika siku chache hizo mpaka pete yake tulikuwa tumeivua isipotee.

Nikatia majani kwenye supu. Nikapunguza gesi. Yakapanda juu, yakatanda, yakabaki hapo, na mimi nikasimama juu ya sufuria nikiomba Mungu yasizame. Kwenye jiko la pili saumu na dania zilianza kunukia kwenye samli. Zikawa za manjano. Nikashika kikaango, nikageuka kumtazama Shosho, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Mimi namimina, yeye anashtuka.

Hakufungua macho.

Nikangoja. Saumu ikaanza kugeuka rangi ya kahawia. Nafasi ya pili haikuwepo, mrenda mwingine haukuwepo Githurai wala Thika isipokuwa ile mitatu yenye kitambaa chekundu. Ngai, Mungu wangu, nikasema moyoni, nitashtukia mboga.

Nikamimina, nikavuta pumzi.

Nilishtuka vibaya. Ilitoka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Binti akaruka. Nesi akaja mbio akidhani nimeungua. Mimi nimesimama na kikaango mkononi, mama wa kanisa mzima, masikio yanawaka kwa aibu.

Ndipo nikasikia nyingine nyuma yangu. Ndogo, ndefu, ya polepole, na upande mmoja wa mabega ukainuka nayo. Haikuwa ya kuniunga mkono. Alikuwa ananionyesha inavyofanywa. Nilipogeuka macho yake yalikuwa wazi, yananitazama mimi na si mwingine, na mdomo ulikuwa wazi pia.

Nikapakua. Nikapuliza. Binti akashika kijiko. Cha kwanza kikaingia. Nesi akaweka vidole viwili kooni mwake. "Amemeza," nesi akasema. Cha pili kikaingia, akameza. Cha tatu kilipokaribia, akageuza uso pembeni.

Nilijua, nikasema, nilijua yamekomaa, ningetia magadi. Lakini Shosho alikuwa bado anasogeza ulimi ndani ya mdomo, anasogeza, anautafutia mahali. Binti akainama. Ikatoka na mate, nusu nusu, lakini sote watatu tuliisikia.

"Chumvi."

Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu kiharusi. Binti yake akakaa chini sakafuni, pale pale karibu na meza, akafunika uso. Nesi akaniambia kwa upole kwamba chumvi haturuhusiwi. Nikamwambia najua. Miaka kumi na mmoja nilimjibu Shosho kwamba imetosha, na siku hiyo neno hilo lilinikataa. Nikafungua kikebe, nikachukua chembe chache kwa vidole viwili, mbele ya nesi, nikazitia kwenye bakuli lake, nikakoroga. Shosho akafungua mdomo.

Nesi akarudi sebuleni na kufunga zipu ya begi lake.